Mvuke wa Esansi Haubishi Hodi

Hapa Mbau, eneo la Beni mashariki mwa Kongo, hakuna bomba la mafuta. Esansi, yaani petroli, huja kwetu kwa lori: Mombasa, Uganda, Kasindi, Beni, kisha barabara ya taifa namba 4 kuelekea Oicha na Eringeti. Mwisho wake ni meza ya kadhafi, muuza esansi wa kando ya njia, chupa zimepangwa juani, pikipiki inajaziwa huku injini ikinguruma. Kwa hiyo yaliyotokea Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, yanatuhusu.

Asubuhi ile bomba lilivuja, petroli ikaingia mtaroni na kuteremka kati ya vibanda vya mabati vilivyobanana kandokando ya bomba. Watu wakatoka na ndoo na bidoni. Moto ulipolipuka, waliokufa walipita 100. Wengine walijitupa mtoni wakiwa wanawaka.

Wengi hudhani kinachowaka ni yale majimaji. Sivyo, ni mvuke wake. Esansi hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Beni. Na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, haupandi kama moshi. Hutambaa ardhini, hujaa mitaroni, hupenya chini ya milango. Ukifikia asilimia 2 tu ya hewa, cheche ya injini au jiko la makaa yatosha. Anayechota na asiyechota huungua pamoja.

Ndivyo ilivyokuwa Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 230 wakafa, wakiwemo waliokuwa ndani ya majengo wakitazama Kombe la Dunia. Goma nako, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Januari 2002, makumi walikufa wakichota mafuta kwenye kituo kilichozingirwa na lava ya moto. Nakataa watu hawa kuitwa wajinga au wezi. Palipo na njaa, bidoni moja ni chakula cha siku kadhaa, na huenda hakuna aliyewahi kuwaeleza habari ya mvuke.

Moto ukizimika, au hata usipowaka, sumu hubaki. Mwaka 2015 bomba la Mombasa–Nairobi lilivuja Thange, Makueni, bila mlipuko wowote, na bado visima, mto na mashamba viliharibika. Ndani ya esansi mna benzini, inayoleta saratani ya damu. Huyeyuka majini, na maji yakaonekana safi kabisa.

Basi lori likipinduka Mbau, watu waondoke kuelekea upepo unakotoka na mahali pa juu, majiko yazimwe, pikipiki isiwashwe. Na chemchemi zilizo chini ya mteremko zifungwe hadi maji yapimwe, hata kama hakuna kilichowaka.