Mguu Wauma, Eksirei Haionyeshi Kitu

Wengi hudhani kwamba mfupa hauvunjiki bila mtu kuanguka au kugongwa. Hata mimi daktari niliwahi kukosea hapo.

Karani mmoja alinijia akichechemea. Nauli ilikuwa imepanda, naye akaamua kutembea kila siku kutoka Kawangware hadi Industrial Area na kurudi jioni, amevaa raba za mitumba zilizokwisha soli. Wiki ya tatu mguu ukaanza kumuuma kwa juu, karibu na vidole. Eksirei haikuonyesha kitu. Nikampa dawa za kutuliza maumivu, naye akaendelea na safari zake. Aliporudi mguu ulikuwa umevimba, na picha ya pili ikaonyesha mfupa una ufa.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka wa 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika juu ya askari waliovimba miguu kutokana na mwendo mrefu. Eksirei haikuwa imegunduliwa hadi 1895, kwa hivyo hangeweza kuona nyufa hizo.

Mfupa, msomaji, ni kitu hai. Ukiuongezea kazi, mwili kwanza huondoa sehemu zilizochakaa, ndipo ujenge mpya. Katika muda huo mfupa huwa dhaifu. Anayeanza mbio ghafla, au anayeacha viatu vya soli nene na kuvaa vyepesi, huutwika mzigo wakati huo huo.

Jipime hivi: bonyeza mguu kwa kidole kimoja. Ikiwa uchungu uko mahali pamoja tu, juu ya mfupa, na huzidi ukitembea na kupungua ukipumzika, muone daktari. Mweleze ni nini ulichobadilisha majuma yaliyopita. Sisi hatuulizi kila mara. Picha ya kwanza ikiwa safi, na maumivu yangalipo, irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Kabla ya hapo usimeze dawa ili upate kutembea.

Wengi hupona kwa kupumzisha mguu wiki 6 hadi 8, wakivaa kiatu cha soli ngumu. Ufa ulio upande wa nje, kwenye mfupa wa kidole kidogo, ni mkaidi zaidi na huenda ukahitaji plasta au upasuaji. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika tangu aanze mazoezi makali asinyamaze, kwani mifupa yake huenda imepungua nguvu.

Karani wangu alipona. Siku hizi hupanda matatu asubuhi, akatembea jioni.