Insha na Hoja: Neno Moja, Kazi Mbili

Insha ni nomino ya ngeli ya i-/zi-: insha hii, insha hizi. Asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kubuni na kutunga. Katika Kiswahili ni mtungo wa nathari unaoeleza jambo kwa mpangilio. Shaaban Robert alilitumia neno hili katika jina la kitabu chake Kielezo cha Insha kilichotoka mwaka 1954, ishara kwamba lilikuwa limekwisha kukaa katika uandishi kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Kitenzi kilicho karibu nalo ni kutunga. Mtu hutunga shanga katika uzi, hutunga samaki katika ukambaa, hutunga shairi. Katika matumizi hayo yote, vitu vilivyokuwa mbalimbali hupitishwa katika uzi mmoja. Mwanafunzi wa shule huifahamu vyema maana hii: hupewa kichwa cha habari, naye huandika utangulizi, kiini na hitimisho. Chuoni uzi huo bado unahitajika, lakini hautoshi. Mhadhiri anapoagiza insha, hutarajia hoja, yaani dai linaloweza kupingwa, likifuatana na sababu na ushahidi wa kulitetea. Neno halikubadilika, ila kazi imebadilika, na wengi hupoteza alama hapo bila kulitambua kosa lao.

Achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi aliyekulia Saza, kata ya Wilaya ya Songwe yenye historia ndefu ya uchimbaji wa dhahabu. Shule ya msingi aliisoma kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Nyumbani huenda akawa na lugha ya tatu, kama Kibungu au Kinyiha. Chuoni hukutana na somo la stadi za mawasiliano, ambalo katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Kazi yake ikirudishwa na alama ndogo, hukata shauri kwamba Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi insha hiyohiyo ingeandikwa kwa Kiswahili fasaha, upungufu ungebaki palepale, kwa sababu kilichokosekana ni hoja.

Tuseme swali ni hili: Je, wachimbaji wadogo wakatazwe kutumia zebaki? Jibu la kwanza linasema:

"Zebaki ni metali ya majimaji. Zebaki hutumika kukamata dhahabu. Zebaki ina faida na pia ina hasara. Serikali iliangalie suala hili."

Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, msomaji hajui mwandishi anasimama wapi, na sentensi zinaweza kubadilishana nafasi bila kuharibu chochote. Jibu la pili linasema:

"Katazo peke yake halitamlinda mchimbaji mdogo. Zebaki hushikana na dhahabu, na mchanganyiko huo unapochomwa mvuke wenye sumu huingia mapafuni. Kwa hiyo madhara yake hayana shaka. Hata hivyo, mchimbaji huitumia kwa kuwa ni njia rahisi ya kupata dhahabu haraka. Ijapokuwa sheria inaweza kuzuia biashara ya wazi, haiwezi yenyewe kumpa njia nyingine. Katazo lisipoambatana na njia anayoimudu, zebaki itaendelea kutumika kwa siri."

Hapa dai limetangulia, na viunganishi vinafanya kazi ya kufikiri. "Kwa hiyo" huonyesha matokeo. "Hata hivyo" hukubali kilichosemwa, kisha hugeuza mwelekeo. "Ijapokuwa" humpa mpinzani haki yake kabla ya kumjibu. Kiunganishi kimoja kikiondolewa, hoja hulegea.

Makosa matatu hujitokeza mara kwa mara katika uandishi wa aina hii. La kwanza ni kutumia "wakati" mahali pa "ilhali". Katika "wanaume huchimba wakati wanawake huponda mawe", msomaji hajui kama anaelezwa muda au tofauti ya kazi. "Ilhali" huondoa utata huo. La pili ni "katika insha hii naenda kujadili", muundo uliofuata Kiingereza; "insha hii inajadili" inatosha. La tatu ni "mwisho wa siku" kwa maana ya "hatimaye", ambayo humfanya msomaji aitazame saa.

Mfasiri naye atenganishe maneno yanayokaribiana. Insha ni zoezi la mwanafunzi au mtungo mfupi wa mwandishi. Makala huchapishwa gazetini au katika jarida. Tasnifu huwasilishwa kwa ajili ya shahada. Kuita tasnifu insha ni kuishusha, na kuita zoezi la darasani makala ni kulipandisha bila sababu.

Neno hoja lenyewe si geni kwa mwanafunzi wa Saza. Waziri amalizapo hotuba yake bungeni husema, "Naomba kutoa hoja." Katika mkutano wa kijiji, mtu husimama, hutaja anachotaka, hutoa sababu, hupingwa, hujibu. Ustadi huo anao masikioni tangu utotoni. Anachokosa ni mazoezi ya kuuhamishia katika karatasi, ambako hawezi kupaza sauti wala kuona nyuso za wanaomsikiliza, hivyo humlazimu kuyakisia maswali yao na kuyajibu kabla hayajaulizwa.

Mwalimu anaweza kuanzia hapo. Mwanafunzi aseme dai lake kwa Kiswahili, mwenzake amuulize "kwa nini?" mara tatu, kisha majibu yaandikwe kwa mfuatano huo. Aya itakayopatikana huwa na uti wa mgongo, na lugha yoyote itakayoivaa baadaye, Kiswahili au Kiingereza, itakuwa na kitu cha kushikilia.