Linux Ipi? Kisa cha Kompyuta Tano za Mpanda

Tangu nirudi kutoka mazoezi ya kufundisha, swali ninaloulizwa sana hosteli ni hili: "Oya, Linux ipi nzuri?" Nami huwa narudisha swali: kompyuta ni ya nani, na itabaki na nani? Watu wanadhani nakwepa. Ngoja nieleze.

Linux yenyewe ni kama chesi na injini ya Scania. Aliyeianzisha mwaka 1991, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Ufini, ana miaka 21 (mimi nina 22 na bado nahangaika na asaimenti). Kwa kuwa ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kila karakana inaichukua na kuijengea bodi yake. Ndiyo maana mabasi mawili ya Tabora–Mpanda yanaweza kuwa na injini moja, ila abiria ukaapa ni vitu viwili tofauti. Bodi hizo ndizo matoleo: Debian, Fedora, Ubuntu, Mint na mengine kibao.

Shule niliyopangiwa iko nje kidogo ya mji wa Mpanda. Maabara ilikuwa na kompyuta saba za msaada, tano ndizo zinawaka, nyingi zina RAM ya GB 2. Fundi wa mjini alikuwa anakuja kupiga window upya kila virusi vikizidi, na vilizidi kila mara, maana kila flashi iliyotoka steshenari ilikuja na wageni wake. Mimi kwa kiherehere changu nikaweka Fedora kwenye mbili, kisa tu ndiyo niliyonayo kwenye laptopu yangu. Zikawa zinatambaa. Halafu Fedora ni ya watu wanaopenda vitu vipya: toleo jipya hutoka karibu kila miezi sita, na kila moja huhudumiwa kama miezi 13 tu. Masasisho ya wiki ya kwanza yakala bando langu lote, na bumu lilikuwa bado halijaingia.

Aliyenizindua ni Madam wa Jiografia. "Mwalimu, nyie wiki nane zikiisha mnapanda treni. Hii kitu ikigoma tunampigia nani?"

Nikaanza upya, safari hii nikiangalia umri wa huduma kwanza. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (jina lenyewe ni ndugu wa neno letu "utu"), hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, nalo huhudumiwa miaka 5. Safi, ila Ubuntu yenyewe inapenda RAM ya GB 4 na kuendelea. Lubuntu ni mdogo wake, nyepesi sana, lakini toleo lake la muda mrefu linahudumiwa miaka 3. Mint imejengwa juu ya msingi wa Ubuntu, inapata miaka 5 ileile, na ile yenye mandhari ya Xfce inaweza kuanza na GB 2. Menyu yake iko chini kushoto, palepale mkono wa mwalimu ulipozoea kwenda. Kwa Madam, hicho kitu kidogo kilikuwa na uzito kuliko sifa zote nilizomsomea.

Sikusakinisha kwa kubahatisha tena. Matoleo haya unaweza kuyawasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo tulijaribu printa, sauti na Wi-Fi kwanza. Mint ikaingia kwenye mashine tatu. Ya nne ni ya biti 32, kizee kabisa, na Ubuntu na Mint za sasa haziitaki. Hiyo nikaiwekea antiX, ambayo bado inawakumbuka wazee. Ya tano sikuigusa. Mwalimu wa taaluma ana faili lake la matokeo la Excel lenye makro, na tulipolifungua kwenye LibreOffice hesabu za madaraja zikavurugika. Kumlazimisha mtu ahame wiki ya mitihani kwa sababu wewe unapenda Linux ni ubabe tu. Tukaiacha na Windows yake, ila haichomekwi flashi ya mtu.

Naandika haya kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi humu chuoni haziwezi kubeba Windows 11. Wengi mtakuja kwenye foleni hii, mtake msitake. Nakilini kazi zenu kwanza, hasa utafiti wa mwaka wa tatu, kwa sababu kusakinisha kunaweza kufuta diski nzima.

Madam alinitumia ujumbe juzi. Umeme ulikatika katikati ya sasisho, mashine moja ikakataa kuwaka, akachukua ile flashi niliyomwachia akairudishia Mint mwenyewe. Alichokuwa anauliza ni jinsi ya kuongeza ukubwa wa maandishi.