Seli Hazijui Jumapili

Je, wajua kuwa kuna seli za mwanamke aliyefariki mwaka 1951 ambazo hadi leo zinawatoa watu nyumbani siku ya mapumziko? Ndizo HeLa. Zilitoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, bila yeye kuombwa idhini. Alifariki Oktoba 4 mwaka huo akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizokuzwa katika maabara ya George Gey, hazijaacha kuzaana.

Huongezeka maradufu kila baada ya saa 24 hivi. Hapo ndipo kalenda inapoanza kumsumbua mkuzaji. Weka seli 500,000 kwenye chupa Jumatatu. Kwa hesabu ya karatasini, Ijumaa ni milioni 8, na chupa ya sentimeta za mraba 75 imeshajaa. Usipozigawa, zinabanana, chakula kinaziishia na asidi inapanda. Hili huonekana kwa macho, maana kimiminika chao hutiwa rangi ya fenoli nyekundu: kikiwa sawa ni chekundu, asidi ikizidi kinageuka manjano. Ukifungua inkubeta Jumatatu ukakuta manjano, ujue wikendi ilikuwa ngumu humo ndani.

Ndiyo maana wengi sasa hutafuta programu ya simu ya kuwakumbusha. Ziko nyingi, na kosa la kwanza ni kuchagua yenye sura nzuri. Muhimu ni namna inavyohesabu siku. Kalenda ya kawaida ukiiambia “kila baada ya siku mbili”, itaita tarehe zilezile hata kama juzi umeme ulikatika na kazi ikasogea. Seli huhesabu kuanzia mara ya mwisho kuhudumiwa. Todoist, kwa mfano, ina alama ndogo ya mshangao: ukiandika “every! 2 days”, inahesabu tangu siku uliyoweka tiki. Alama hiyo moja ina faida zaidi kuliko michoro yote ya rangirangi.

Pia iwe inafanya kazi bila mtandao, na mwenzako aweze kuiona ukiwa likizo. Sauti nayo si jambo dogo. Mikono iliyo kwenye glavu na kupulizwa alkoholi ya asilimia 70 haitakiwi kugusa simu, na simu yenyewe haina ruhusa ya kuingia kwenye kabati la hewa safi. Ni chafu mno. Kwa hiyo kengele isikike kutoka mezani, hasa ile ya tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli kwenye chupa. Dakika chache zinatosha. Ukiisahau, inaanza kuzitafuna seli zenyewe.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni kumbukumbu. Je, programu inaandika ni ukoo gani wa seli, umegawanywa mara ngapi, na ulitoka kwenye kichupa kipi cha nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri? Mwaka 1966 Stanley Gartler alichunguza koo kadhaa zilizodhaniwa zimetoka kwa watu mbalimbali, akakuta zote zina aina moja ya kimeng'enya cha G6PD, ile inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Maelezo yalikuwa mepesi na ya kutisha: HeLa zilikuwa zimeingia kwenye chupa za wengine na kuzitawala. Watu walikuwa wameandika utafiti wa viungo vingine huku wakichunguza saratani ya mlango wa kizazi.

Hakuna programu inayozuia tone kurukia chupa ya jirani. Ila yenye kumbukumbu nzuri itakuonyesha kuwa siku ile HeLa na seli za figo zilihudumiwa saa moja, kabati moja, na mtu mmoja. Hapo utajua chupa zipi zipimwe upya na zipi zitupwe leo hii.