Kwa Nini Kifua Humlaza Baba Kuliko Mama?

Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, vumbi hujaa hewani na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Katika dispensari tunaona jambo lilelile kila mwaka: mama huleta watoto siku ya kwanza ya homa, baba huja siku ya tano, ameshikwa mkono. Nao akina mama hucheka, wakisema mwanaume akipata mafua kidogo tu hulia kama mtoto. Wasicheke sana. Virusi vya kifua kweli huwapiga wanaume kwa nguvu zaidi.

Ugonjwa wa Covid-19, ulioingia nchini kwetu Machi 2020, ulionyesha wazi jambo hilo. Hesabu za wagonjwa zaidi ya milioni 3 wa nchi nyingi, zilizokusanywa mwaka huo, zilionyesha kwamba wanaume na wanawake waliambukizwa karibu sawasawa. Lakini hatari ya kuingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi ilikuwa karibu mara 3 kwa wanaume, na vifo vyao vilizidi pia.

Sababu moja imo mwilini tangu kuzaliwa. Mwanamke ana kromozomu X mbili, mwanaume anayo moja tu, na kromozomu hiyo hubeba sehemu nyingi za kinga ya mwili, pamoja na ile inayotambua virusi vinapoingia. Tena homoni za kike huamsha kinga, ile ya kiume huipunguza. Hata kati ya watoto wachanga, wavulana hulazwa kwa kichomi kuliko wasichana, nao hawajavuta tumbako wala kushuka mgodini.

Sababu nyingine, ndugu mfanyakazi, tunajitafutia wenyewe. Moshi wa tumbako huharibu vinyweleo vinavyofagia njia za hewa. Vumbi la mawe huumiza mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu. Kwa hiyo maski inayoning'inia shingoni haisaidii kitu. Mapafu yaliyokwisha kuchoka hivyo, virusi havipati kazi kubwa ya kuyashinda. Halafu kuna kiburi: mtu ana homa, anameza vidonge alivyonunua sokoni, anakwenda kazini, kwa kuwa anamwogopa kapita kuliko ugonjwa.

Mama naye asijione salama. Katika homa kubwa ya mafua ya 1918, na tena ile ya 2009, wanawake wenye mimba walikuwa kati ya walioumia zaidi. Pumu nayo huwapata wanawake wazima kuliko wanaume. Mafua huiamsha, na moshi wa mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa huizidisha.

Pumzi ikiwa fupi hata ukiwa umekaa, kifua kikiuma, midomo ikigeuka rangi, au homa ikishuka kisha ikarudi, njoo siku hiyohiyo, hata usiku. Kwa mtoto aliyetulia, hesabu pumzi dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Mwenye mimba asingoje dalili hizo: homa na kikohozi vyatosha kumleta.