Kwa Nini Mkebe wa Vijiti vya Meno Hukwama

Baada ya mbuzi choma, iwe Nyeri, Karatina au Nanyuki, mkebe wa vijiti vya meno hupita mezani. Ukigoma, mteja huutikisa, kisha hufungua kifuniko na kuchokora kwa vidole vyenye mafuta. Basi kazi ya mkebe imeharibika, kwa sababu uliundwa ili kila mtu aguse kijiti chake tu.

Ule wa bei nafuu una tundu kwenye kifuniko: unaupindua, kijiti kinatoka. Katika ule wa kubonyeza, vijiti husimama wima. Kifuniko chenye springi kikishuka, kijiti kilichokaa sawasawa chini ya tundu huchomoza.

Ninaoupenda zaidi ni ule wa rola. Vijiti hulala juu ya sakafu yenye mteremko, vikibingirikia kwenye rola iliyochongwa mfuo mmoja. Kijiti cha kawaida kina urefu wa milimita 65 hivi na unene wa milimita 2. Mfuo huzidi unene huo kidogo tu: kimoja hukaa, cha pili hakipati nafasi. Ukizungusha kitasa, rola hukibeba hadi nje.

Tatizo ni pale vijiti vinapokingamana juu ya mfuo. Hushikana na kufanya tao linalobeba uzito wote wa juu, na rola inazunguka tupu. Ni kama mahindi yasiyokauka vizuri katika faneli ya posho mill, ambayo mwenye mashine huigonga ili yashuke. Kutikisa mkebe huvunja tao hilo, ila vijiti vya mkebe uliojazwa pomoni havina nafasi ya kusogea.

Halafu kuna unyevu. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hukaa hadi mchana. Vijiti vya mwanzi hunywa unyevu na kuvimba zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, yaani hapohapo mfuo ulipopimwa.

Wenye hoteli, anikeni vijiti juani kabla ya kuvitia, jazeni theluthi mbili tu, wala msichanganye vya unene tofauti. Vile vilivyofungwa kimoja kimoja kwa karatasi havihitaji mkebe, gilasi inatosha.