Asima: uende kwa muganga hata siku unajisikia muzima

Leo tuzungumuzie ugonjwa wa asima, ule vitabu vinaita pumu. Hapa Lubumbashi, kuanzia mwezi wa 5 mvua ikishakatika, vumbi nyekundu inapanda kwenye barabara. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi inakuwa baridi, majani yanachomwa pande zote, na makala inawaka ndani ya mbabula karibu kila nyumba. Wakati huo watu wa asima wanateseka. Lakini shida haiko vumbi peke yake. Shida kubwa ni kwamba wengi wetu tunakumbuka muganga paka siku pumzi inakatika.

Tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Ndani ya mapafu kuko njia ndogo ndogo za hewa. Kwa mutu wa asima, njia hizo zinakaa zimevimba hata siku hasikii kitu. Vumbi, moshi, baridi, mafua ao mbio zikimugusa, nyama zinazozunguka njia hizo zinakaza, makamasi yanaongezeka, hewa inapita kwa shida na kifua kinapiga filimbi. Shambulio likiisha, filimbi inanyamaza, lakini uvimbe unaweza kubaki. Hapo ndipo tunajidanganya tukisema: «Nimepona.»

Kwa sababu hiyo kuko dawa za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua: pompi ya salbutamoli. Inafungua kifua kwa dakika chache, nguvu yake inaisha kisha masaa 4 mpaka 6, na haitibu ule uvimbe. Ya pili ni ya kukinga, kama vile beklometazoni ao budesonidi. Hii inapunguza uvimbe polepole, na mutu anaivuta kila siku jinsi muganga alivyoandika, hata akiwa muzima. Wengi wananunua ya kwanza tu kwenye farmasi, kisha wanashangaa kwa nini usiku hawalali. Tangu mwaka 2019, wataalamu wa dunia nzima wa ugonjwa huu wanashauri kwamba mutu mukubwa asitibiwe na salbutamoli peke yake.

Sasa, muganga atafanya nini siku huumwi? Atakuuliza mambo 4 juu ya wiki 4 zilizopita. Je, mchana kifua kilikubana zaidi ya mara 2 kwa wiki? Je, uliamuka usiku sababu ya asima? Je, ulitumia pompi ya kufungua zaidi ya mara 2 kwa wiki? Je, ulishindwa kazi ao mwendo uliozoea? «Ndiyo» moja tu inaonyesha kama ugonjwa haujatulia vizuri. Tena ataangalia namna unavyovuta pompi, maana wengi wanaivuta vibaya na dawa inabaki kinywani. Ukianza dawa, rudi kisha mwezi 1 mpaka 3. Ukitulia, muganga atakupangia siku zingine. Ukipata shambulio kali, usipitishe wiki bila kumuona. Mama mwenye mimba asiache dawa yake. Amuone muganga mara kwa mara.

Kwa mutoto, pompi peke yake ni ngumu. Kuko njia ya bei ndogo iliyochunguzwa Afrika ya Kusini: chupa ya plastiki ya mililita 500. Unaiosha na maji ya sabuni, unaiacha ikauke bila kuipanguza, unatoboa matako yake tundu linaloshika mudomo wa pompi, na mutoto anapumua kupitia mudomo wa chupa. Omba muuguzi akuonyeshe.

Shambulio likija, mukalishe mugonjwa wima, usimulaze. Mupe salbutamoli, mivuto 4, mumoja mumoja. Kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, ao pompi haisaidii, mupeleke hospitali mara moja na uendelee kumupa njiani. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza na mutu anazidi kulegea, siyo nafuu, ni hatari.

Sisi tuliobahatika kusoma tuko na kazi hapa. Kwenye mitaa yetu bado wanasema asima inaambukiza, ao kwamba pompi inaua na ukiizoea huwezi kuiacha. Siyo kweli. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na asima na 455 000 walikufa nayo, wengi wao katika inchi maskini. Mwalimu, acha mutoto abebe pompi yake darasani. Baba wa nyumba, toa mbabula inje, na sigara yako vilevile. Mwenye kuuza dawa, ukiona mutu anarudi kila mara kununua salbutamoli, mutume kwa muganga.

Kila mwaka, siku ya Asima Duniani ni Jumanne ya kwanza ya mwezi wa 5. Kwetu inaangukia pale vumbi inaanza. Ni wakati muzuri wa kujipanga: kama nyumbani kwako kuko mutu wa asima, mupeleke kwa muganga wiki hiyo, angali anacheka na anapumua vizuri.